Ferrari 250 GTO: Magari 36 na Wamiliki Wake

Ferrari 250 GTO ni gari la mashindano la viti viwili lililotengenezwa Maranello, mji mdogo jirani na Modena kaskazini mwa Italia, kati ya mwaka 1962 na 1964. Kiwanda kilitoa magari 36 yenye injini ya lita tatu. Yapo mengine matatu yenye umbo karibu lilelile ila injini ya lita nne, na waandishi wanaoyajumlisha hupata 39. Namba 250 inatokana na desturi ya Ferrari ya siku zile ya kuliita gari kwa ujazo wa silinda moja: takriban sentimita za ujazo 250, mara silinda 12. GT ni Gran Turismo, daraja la magari ya kasi ambayo mwenyewe anaweza kuyaendesha barabarani, na O ni Omologato, yaani gari lililokaguliwa na kuandikishwa ili lishindane katika daraja hilo. Mkasa wa gari hili unaanzia kwenye uandikishaji huo, kwa sababu gari lenyewe halikustahili kuandikishwa.

Shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, FIA, liliamua kwamba kuanzia msimu wa 1962 ubingwa wa watengenezaji ungepiganiwa na magari ya GT. Ferrari ilikuwa tayari na gari linalotamba katika daraja hilo, 250 GT ya chasisi fupi, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1959. Lakini Machi 1961, kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, Jaguar ya Uingereza ilizindua E-Type, gari jembamba la pua ndefu lililopasua hewa vizuri kuliko chochote kilichotoka Maranello wakati huo. Aston Martin nayo ilikuwa na DB4 GT iliyovishwa bodi na mafundi wa Zagato wa Milano. 250 GT ilikuwa na injini nzuri, ila pua yake ilikuwa butu. Mwendo ukizidi, hewa iliizuia na sehemu ya mbele ikawa nyepesi barabarani, jambo ambalo madereva wake walilijua vizuri kwa mikono yao wenyewe.

Kazi ya kutafuta dawa alipewa mhandisi Giotto Bizzarrini, pamoja na mafundi wachache, kimyakimya. Bizzarrini hakubuni injini mpya. Alichukua ile ya silinda 12 iliyokuwa imekwisha kuthibitishwa na magari ya Testa Rossa katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, akaisogeza nyuma ndani ya chasisi na kuishusha chini. Kuishusha kuliwezekana kwa sababu oili haikukaa tena kwenye sampu chini ya injini. Ilivutwa kwa pampu hadi kwenye tangi lililowekwa pembeni. Injini ikiwa chini, boneti inaweza kuwa chini, na boneti ikiwa chini hewa inapita. Umbo lilipimwa katika njia ya upepo ya Chuo Kikuu cha Pisa. Gari la kwanza la majaribio lilikuwa na bodi ya mabati yaliyounganishwa ovyo, na watu wakalibandika jina la Il Mostro, yaani zimwi. Septemba 1961 Stirling Moss, dereva maarufu wa Uingereza, aliliendesha Monza, na muda wake ukaonyesha kwamba zimwi lina kasi kuliko gari zuri lililotangulia.

Kabla kazi haijakamilika, nyumba ya Ferrari iligawanyika. Mwishoni mwa mwaka 1961 viongozi kadhaa wa kiwanda waliondoka kwa mpigo mmoja, akiwemo mhandisi mkuu Carlo Chiti, meneja wa timu ya mashindano Romolo Tavoni, meneja wa mauzo Girolamo Gardini na Bizzarrini mwenyewe. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kuingiliwa kwa kazi na Laura, mke wa Enzo Ferrari, na ubishi wa Enzo kila alipolalamikiwa kuhusu hilo. Baadhi ya walioondoka walianzisha kampuni yao, ATS. Enzo hakuwabembeleza. Aliukabidhi mradi kwa Mauro Forghieri, kijana wa miaka 26 aliyekuwa na uzoefu mdogo, na kumwambia aumalize.

Forghieri alishughulikia zaidi ekseli ya nyuma. Gari lilikuwa bado na ekseli moja nzima iliyobebwa na springi za vyuma vya kupangana, teknolojia ambayo hata malori yalikuwa nayo, wakati Jaguar ilikuwa imekwisha kuyapa magurudumu ya nyuma uhuru wa kucheza kila moja peke yake. Kanuni za uandikishaji hazikuruhusu kubadili mfumo wote. Forghieri akafunga vyuma vya kuizuia ekseli isiyumbe kulia na kushoto, mpangilio unaojulikana kwa jina la Watt, na gari likatulia kwenye kona. Bodi ilitengenezwa na Sergio Scaglietti na mafundi wake mjini Modena kwa bati la alumini lililogongwa kwa nyundo. Kwa kuwa kila bodi iligongwa kwa mkono, GTO mbili zikiegeshwa pamoja hazifanani kabisa: matundu ya hewa, taa na mkunjo wa mkia hutofautiana. Wanaozipenda huzitambua moja moja kwa tofauti hizo.

Magari yalipoonyeshwa kwa waandishi wa habari Februari 1962, hapakuwa na anasa yoyote ndani. Viti vilivishwa kitambaa cha buluu, gia ilikuwa mti wa chuma unaopita kwenye mikato iliyo wazi, na kwenye dashibodi palitawaliwa na mita ya mizunguko ya injini. Spidomita haikuwepo. Injini ya sentimita za ujazo 2,953 ilipewa kabureta sita za Weber na ilitoa nguvu ya farasi wapatao 300, giaboksi ilikuwa na gia tano, breki zilikuwa za diski kwenye magurudumu yote manne, na rimu zilikuwa za spoki. Gari tupu lilikuwa na uzito wa kilo 900 hivi na liliweza kufikia kilomita 280 kwa saa. Ukilitazama kwa jicho la mwaka 1962, halikuwa na kitu kipya hata kimoja. Injini mbele, ekseli nzima nyuma, kabureta nyingi: kila kimoja kilikuwa kimekwisha kujulikana. Upya wake ulikuwa katika namna vitu vya zamani vilivyopangwa.

Kanuni za FIA zilitaka gari la daraja la GT liwe limetengenezwa angalau 100 katika kipindi cha miezi 12. Ferrari haikuwa na nia wala uwezo wa kutengeneza GTO 100. Njia iliyotumika ni kuiandikisha GTO kama mwendelezo wa 250 GT ya chasisi fupi, kwa hoja kwamba ni gari lilelile lililobadilishwa bodi na vifaa kadhaa, mabadiliko ambayo kanuni ziliyaruhusu. Waingereza walilalamika, na hawakukosa haki, kwani giaboksi, sampu, bodi na nafasi ya injini vilikuwa vimebadilika. Namba za chasisi nazo ziliruka kutoka tarakimu moja hadi nyingine iliyo mbali, kwa sababu zilichanganywa na za aina nyingine za Ferrari, na mtu aliyetazama orodha harakaharaka angeweza kudhani magari ni mengi kuliko yalivyo. Hadithi kwamba Enzo aliwahamisha wakaguzi kutoka karakana hadi karakana na kuwaonyesha magari yaleyale husimuliwa sana. Ni tamu, lakini hoja ya mwendelezo ilitosha bila mchezo huo. Hivyo uchache wa GTO, ambao leo ndio msingi wa bei yake, ulitokana na kiwanda kukwepa sharti la wingi.

Kununua hakukuwa suala la fedha peke yake. Nchini Marekani GTO mpya iliuzwa kwa dola 18,000 hivi, bei ya nyumba nzuri kwa wakati huo, na mnunuzi alihitaji ridhaa ya Enzo Ferrari au ya Luigi Chinetti, wakala wake wa huko. Wengi wa waliokubaliwa walikuwa timu za mashindano na matajiri waliojulikana kuwa madereva hodari: Ecurie Francorchamps ya Ubelgiji, UDT-Laystall na Maranello Concessionaires za Uingereza, na NART ya Chinetti mwenyewe. Ferrari ilipenda mpango huu. Kiwanda kilijipatia ushindi kwa gharama za wateja, na wateja walijipatia gari ambalo lingewapeleka Le Mans Jumamosi na kuwarudisha nyumbani wiki iliyofuata likiendeshwa barabarani.

Aliyenyimwa alikumbukwa kuliko waliopewa. Kabaila Giovanni Volpi wa Venezia, mwenye timu ya Scuderia Serenissima, alikuwa amewasaidia kwa fedha wale waliomkimbia Enzo, na Enzo akakataa kumpelekea GTO alizotaka. Volpi akamchukua Bizzarrini, mtu aliyeianzisha GTO, akampa 250 GT ya zamani na kumwambia atengeneze jibu. Bizzarrini aliivisha bodi ya chini yenye paa lililonyooka hadi nyuma na mkia uliokatwa wima. Waandishi wa Uingereza waliliita gari la kusambazia mikate, na jina halijabanduka hadi leo. Katika Le Mans ya 1962 gari hilo la mikate lilizitangulia GTO zote kabla ya kuharibika mfumo wa kupeleka nguvu magurudumuni katika saa za mwanzo.

Kwenye mashindano GTO ilijieleza yenyewe. Mara ya kwanza kushindana ilikuwa saa 12 za Sebring, Florida, Machi 1962. Phil Hill, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, alipangwa na Mbelgiji Olivier Gendebien kuendesha gari lenye namba 3387GT, na inasemekana Hill hakufurahi kupewa gari la GT badala ya gari halisi la mashindano. Walimaliza wa pili kwa jumla na wa kwanza katika daraja lao. Le Mans mwaka huo GTO zilishika nafasi ya pili na ya tatu, nyuma ya gari moja tu la kiwanda cha Ferrari chenyewe. Mwaka 1963 zikawa za pili tena. Katika Tour de France ya magari, mashindano ya siku nyingi yaliyochanganya barabara za kawaida, milima na viwanja vya mbio, GTO ilishinda 1963 na 1964. Kombe la Tourist Trophy lililofanyika Goodwood lilitwaliwa na Innes Ireland mwaka 1962 na Graham Hill mwaka 1963. Barani Afrika zilionekana Luanda, na huko Kyalami, Afrika Kusini, Mwingereza David Piper alishinda nayo mashindano ya saa tisa mara mbili mfululizo, 1962 akiwa na Bruce Johnstone na 1963 akiwa na Tony Maggs. Ubingwa wa GT wa magari ya zaidi ya lita mbili ulikwenda kwa Ferrari mwaka 1962, 1963 na 1964.

Ushindi wa mwaka wa tatu ulipatikana kwa shida. Carroll Shelby wa Marekani alileta Cobra Daytona yenye injini kubwa ya Ford, na Le Mans ya 1964 gari hilo liliongoza daraja la GT. Ferrari ilikuwa imeandaa mrithi wa GTO, 250 LM yenye injini nyuma ya dereva, ikajaribu tena hoja ileile kwamba hilo nalo ni mwendelezo wa 250 GT. Safari hii FIA ilikataa. Kuhamisha injini kutoka mbele kwenda nyuma kulikuwa kumevuka hata uvumilivu wa wakaguzi waliofumba macho 1962. Ikabidi GTO iendelee, ikiwa na bodi mpya pana na fupi iliyofanana na ya 250 LM. Magari matatu yalitengenezwa na bodi hiyo, na manne ya zamani yakavishwa upya. Mashindano ya GT ya Monza yaliyokuwa kwenye ratiba ya mwaka huo yalifutwa katika sokomoko hilo, na Ferrari ikabaki mbele kwa pointi chache. Enzo alikasirika kiasi cha kurudisha leseni yake kwa chama cha Italia, na mwisho wa msimu magari yake ya Formula One yalikimbia yakiwa yamepakwa buluu na nyeupe za timu ya Marekani badala ya rangi nyekundu.

Kuanzia 1965 GTO ilikuwa gari la jana. Magari yenye injini nyuma ya dereva yaliizidi, timu ziliiuza kwa madereva wa mashindano madogo, na hao nao wakaiuza kwa wapenda Ferrari wasio na fedha nyingi. Hapo ndipo penye somo lisilopendwa na madalali: kwa takriban miaka 10 uzuri wote unaoimbwa leo haukumzuia mtu kuiuza GTO kwa bei chini ya ile ya kiwandani. Gari la mashindano lililozeeka lilikuwa mzigo. Lilipiga kelele, lilichoma ndani, spea zake zilikuwa ghali, na sheria za barabarani zilizidi kukaza.

Mfano unaoeleza hali hiyo vizuri ni wa gari namba 3589GT. Baada ya kushindana Uingereza lilikwenda kwa timu ya Rosebud ya Texas. Lilipochoka, mwaka 1964 lilitolewa sadaka kwa shule ya sekondari ya Victoria, katika jimbo hilohilo, wanafunzi wakajifunzia ufundi. Mwaka 1972 shule ililiuza kwa dola 6,500. Mnunuzi wake wa Ohio aliliacha juu ya trela uwanjani, likinyeshewa na mvua na theluji kwa miaka mingi, watu wakisimama njiani kulipiga picha. Lilikuja kununuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati kila mtu alikwisha kujua thamani yake, na kurudishiwa hali yake ya kwanza.

Gari namba 3851GT lina historia nzito zaidi. Henri Oreiller, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa kuteleza kwenye theluji mwaka 1948, alishika nafasi ya pili akiwa nalo pamoja na Jo Schlesser katika Tour de France ya 1962. Wiki chache baadaye, Oktoba mwaka huo, alifia ndani yake katika uwanja wa Montlhéry karibu na Paris. Gari lilirudishwa Italia, likatengenezwa na kuuzwa, likashinda mashindano ya kupanda milima. Mwaka 1965 lilinunuliwa na kijana wa Kiitalia, Fabrizio Violati, ambaye mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa akiliendesha usiku ili familia yake isijue. Violati hakuliuza tena. Alilikimbiza katika mashindano ya magari ya kale, akalijengea makumbusho huko San Marino, na akafa mwaka 2010 likiwa bado lake, baada ya miaka 45. Umiliki wa muda mrefu hivyo chini ya mtu mmoja ni nadra sana katika historia ya magari haya.

Wengine waliwahi mapema bila kuwa na siri yoyote. Nick Mason, mpiga ngoma wa bendi ya Pink Floyd, alinunua 3757GT mwaka 1977 kwa pauni zisizofika 40,000. Hili ndilo lililomaliza la tatu Le Mans mwaka 1962 chini ya timu ya Ecurie Francorchamps. Mason amelikimbiza Goodwood na kwingineko kwa miongo kadhaa, na watu wa familia yake wameliendesha pia. Mwaka 1985 mbunifu wa mavazi Ralph Lauren alinunua 3987GT kwa bei inayotajwa kuwa dola 650,000. Kati ya ununuzi huo na wa Mason yamepita miaka minane tu, na bei imepanda mara kumi.

Kilichofuata kilikuwa kichaa cha soko. Enzo Ferrari alifariki Agosti 1988, na wakati huohuo fedha nyingi za Japani zilikuwa zikitafuta mahali pa kutulia. Kufikia 1989 GTO zilikuwa zikibadilishana mikono kwa dola milioni 13 hivi. Wanunuzi wengi wa kipindi hicho hawakujua hata kubadili gia zake. Walinunua kwa mkopo wakitegemea kuuza ghali zaidi kesho. Uchumi wa Japani ulipoanguka, bei ilishuka vibaya, na katikati ya miaka ya 1990 GTO ilipatikana kwa dola milioni tatu hivi. Waliokopa walifilisika. Waliokuwa na gari bila deni, kama Mason na Violati, hawakuguswa, kwa kuwa hawakuwa wakiuza.

Bei ilipopanda tena katika karne hii, ilipanda kwa misingi mingine. Uchache peke yake hautoshi. Yapo magari yaliyotengenezwa matano tu na hakuna anayeyatafuta. GTO ina mambo kadhaa yaliyokutana: ilishinda, inaendesheka barabarani, inatazamika, na historia ya kila moja inajulikana mwaka kwa mwaka, nani alilimiliki, nani aliliendesha, liligongwa wapi na bati gani lilibadilishwa. Pia kumiliki GTO ni kiingilio cha mikusanyiko ya wamiliki wenzake, ambao hufanya safari za pamoja kila baada ya miaka kadhaa. Safari hizo si za maonyesho matupu. Katika ile ya mwaka 2012 nchini Ufaransa, ya kuadhimisha miaka 50, GTO moja iligongana na gari la kawaida karibu na mji wa Blois na kuharibika vibaya, na mwenyewe akaitengeneza. Kwa bei za sasa, hakuna ajali inayoweza kuifanya GTO isiwe na faida kutengenezwa, ndiyo sababu zilizopasuka zamani zote zimefufuliwa.

Mwaka huo wa 2012 gari namba 3505GT, lile lenye rangi ya kijani hafifu la UDT-Laystall ambalo Innes Ireland alishinda nalo Goodwood, liliuzwa faraghani kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 35. Lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya Stirling Moss, lakini ajali aliyoipata Goodwood Aprili 1962 akiwa katika gari jingine ilimaliza kazi yake kabla hajaligusa katika mashindano. Agosti 2014, miaka minne baada ya kifo cha Violati, 3851GT ilipigwa mnada na Bonhams huko Carmel, California, kwa dola 38,115,000. Wapo waliotarajia zaidi, na mauti ya Oreiller na bodi iliyotengenezwa upya vilitajwa katika maongezi ya sokoni. Mwaka 2018 uliweka kiwango kipya mara mbili. Katikati ya mwaka, 4153GT, mshindi wa Tour de France ya 1964 ambalo halijawahi kupata ajali kubwa, liliripotiwa kuuzwa faraghani kwa dola milioni 70. Agosti, kampuni ya RM Sotheby's ilipiga mnada 3413GT huko Monterey kwa dola 48,405,000, bei ambayo wakati huo haikuwa imewahi kufikiwa na gari lolote mnadani.

Fedha za namna hii huleta mawakili. Gari 3387GT, lilelile la Hill na Gendebien, liliuzwa mwaka 2017 kwa dola milioni 44, na muda mfupi baadaye mnunuzi na muuzaji wakafikishana katika Mahakama Kuu ya London juu ya giaboksi. Ile iliyofungwa kiwandani ilikuwa imetenganishwa na gari miaka mingi nyuma na kuonekana baadaye nchini Marekani, na kila upande ulidai mwingine ndiye wa kugharamia kuifuatilia. Mtu asiyeijua biashara hii angeshangaa, maana gari lilikuwa na giaboksi inayofanya kazi. Lakini mnunuzi wa GTO hanunui mashine ya kumpeleka kazini. Ananunua vipande vilivyotoka Maranello mwaka 1962, na kila kipande kinachokosekana kina bei yake. Hukumu ilitolewa mwaka 2020.

Kiwanda chenyewe kiliingia mahakamani pia, kikiwa na hoja nyingine. Umbo la GTO limeigwa kwa miongo mingi na mafundi wanaochukua Ferrari za bei ndogo, au hata Datsun za Japani, na kuzivisha bodi ya kufanana. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna ilikubali kwamba 250 GTO ni kazi ya sanaa inayolindwa na sheria ya hakimiliki, uamuzi usio wa kawaida kwa gari. Mwaka mmoja baadaye ofisi ya milki bunifu ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililoanzishwa na kampuni ya Ares Design ya Modena, iliifutia Ferrari alama ya biashara ya umbo hilo kwa upande wa magari, kwa kuwa kampuni haikuwa imeitumia alama hiyo kuuza magari. Kwa vitu vya kuchezea vya watoto ilibaki nayo, kwani vigari vya GTO bado vilikuwa vinauzwa.

Novemba 2023 RM Sotheby's ilipeleka mnadani New York mojawapo ya yale machache ya lita nne, namba 3765. Hili lilimilikiwa na timu ya kiwanda yenyewe, likashika nafasi ya pili katika kilomita 1,000 za Nürburgring mwaka 1962 na kushindwa kumaliza Le Mans mwaka huohuo likiendeshwa na Mike Parkes na Lorenzo Bandini. Baadaye lilipunguziwa injini hadi lita tatu, likauzwa Italia, likavuka bahari hadi Marekani, na tangu 1985 lilikuwa mikononi mwa mmiliki mmoja wa Ohio. Liliuzwa kwa dola 51,705,000, na siku hiyo likawa Ferrari iliyouzwa ghali kuliko zote katika mnada wa hadhara.